Sauti Iliyozungukia Morogoro

Watu wa ukoo wetu wakiulizwa nafanya kazi gani hujibu, "Yuko kwenye mitandao," na aliyeuliza huniletea simu yake iliyopasuka kioo nimtengenezee. Nimeacha kubisha. Zamani nilijaribu kueleza, hata harusini, sahani ya pilau mkononi, na kabla sijafika katikati msikilizaji ameshageukia sahani yake. Kazi yenyewe ni hii: nakaa katika ofisi moja hapa Kibaha, mbele ya ramani ya nyaya zilizofukiwa ardhini, na napanga mawasiliano ya watu yapite njia ipi ili yafike salama na kwa gharama nafuu.

Ndani ya kila waya mna nyuzi za kioo, kila uzi mwembamba kama unywele, na ndani ya uzi hupita mwanga tu. Sauti ya mtu, picha ya mtoto mchanga, pesa za simu, mawaidha, matusi ya wapenzi wa mpira, vyote hugeuzwa mwanga unaowaka na kuzimika kwa kasi ambayo akili yangu haijawahi kuikamata. Uzi mmoja hubeba rangi nyingi kwa wakati mmoja, na kila rangi ina shehena yake isiyochanganyika na ya jirani. Siku ya kwanza nilipooneshwa jambo hili nilikuwa kijana mwenye cheti kipya na kiburi kipya, na mchana ule nilishindwa kula. Kumbe kioo kile asili yake ni mchanga. Mpaka leo nashangaa, na sioni haya kusema hivyo.

Ila kuwasha rangi moja zaidi si bure. Inahitaji mitambo yake kila mwisho wa njia, na mitambo hiyo inakula umeme usiku na mchana, inataka kupozwa, inataka fundi. Kwa hiyo ustadi wetu ni kujaza. Unachukua shehena ndogondogo za huku na huku, unazipakia katika rangi moja mpaka ijae, ndipo unafikiria kuwasha ya pili. Chuoni walitufundisha kwa hesabu ndefu zilizonitoa jasho. Kumbe jambo lenyewe nilikuwa nimelikuta Marui tangu utoto.

Marui ni Kisarawe ya ndani, kwenye mihogo na mikorosho, na ndiko alikonilea shangazi, dada yake baba, baada ya mama kufariki. Kule hakuna anayekwenda Kisarawe mjini na mzigo wake peke yake. Ukionekana tu umevaa viatu asubuhi, umekwisha. Huyu anakupa kikapu cha maembe umfikishie mkwewe, yule kanzu ya kupeleka kwa fundi, mwingine maneno matupu ya kumwambia mtu fulani, ambayo ni mazito kuliko kikapu. Shangazi alikuwa bingwa wa kupakia. Alisubiri, akakusanya, akapanga vya chini na vya juu, na gari likifika kapu moja linabeba haja za nyumba zote za jirani. Nikijaza rangi zangu pale ofisini namuona yeye, anasukumiza limau la mwisho kwenye pembe iliyobaki.

Mwaka jana ofisi ilitaka kupunguza gharama, nami nikapewa kuandika mpango. Shehena ya Marui ilikuwa na njia mbili za kufika Kibaha. Njia fupi inakwenda Kisarawe, inashuka Pugu, inaingia jijini, kisha inapanda na Barabara ya Morogoro mpaka kwetu. Njia ndefu inaipa Kisarawe mgongo. Inakata mapori mpaka Morogoro mjini, halafu inarudi na barabara kuu, Chalinze, Mlandizi, Kongowe, ndipo inafika. Hiyo ndefu ilikuwa imewashwa kwa akiba tu, isubiri siku njia fupi itakapopata ajali, na ajali ilikuwa haijatokea kwa muda mrefu. Hesabu zikasema izimwe. Nilizirudia, zikasema vilevile. Bosi wangu akasaini, na siku ya kuizima ikapangwa.

Siku hiyo ikaangukia wiki ya kesi ya shangazi.

Kesi yenyewe ilikuwa ya shamba. Mtu mmoja kutoka mjini alidai kwamba kipande cha chini, chenye mikorosho, alikwisha kuuziwa na jamaa wa marehemu mume wa shangazi. Jamaa huyo naye alikuwa marehemu, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Mume wa shangazi amezikwa kwenye kipande hichohicho. Kama ungetaka kumuua shangazi bila kumgusa, ungemwambia kwamba ataomba ruhusa ya mgeni ili akasafishe kaburi la mumewe.

Baraza la ardhi liko Kibaha. Mara ya kwanza alipoitwa, goti lilikuwa limemvimba hawezi hata kufika chooni bila mkongojo. Mara ya pili mvua iliharibu barabara. Mwenyekiti wa baraza akasema, kwa upole lakini akasema, kwamba mara ya tatu asipofika shauri litasikilizwa bila yeye. Na bila yeye hakukuwa na kesi, maana karatasi hana. Ushahidi wake wote ulikuwa kichwani. Mimi ndiye niliyekwenda kuomba asikilizwe kwa video akiwa ofisi ya kata, Marui. Mwenyekiti akakubali.

Niliporudi ofisini nilikwenda moja kwa moja kwa bosi. Ni Mnyamwezi wa Tabora, na Mnyamwezi kwetu Wazaramo ni mtani, kwa hiyo hatujawahi kuongea jambo la maana bila kwanza kutukaniana mababu.

"Mtani," nikamwambia, "ile njia ndefu ya Marui tusiizime wiki hii. Ngoja wiki ijayo."

"Hesabu umepiga wewe, mpango umeandika wewe. Leo umeogopa nini? Mzaramo akishashiba anaogopa hadi kivuli chake."

"Afadhali mimi. Babu yako alitoka Tabora kwa miguu mpaka pwani, na pembe za ndovu za watu begani, wala hakuuliza njia."

"Aliuliza! Nyie ndio mliompoteza."

Tukacheka. Kisha nikamweleza habari ya shangazi, na kaburi, na mara ya tatu. Aliitazama ramani ukutani, ule mstari mrefu unaokwenda Morogoro na kurudi.

"Wiki moja, Mtani," akasema. "Ikiisha, tunazima."

Siku ya shauri niliomba ruhusa nikaenda barazani. Chumba kilijaa watu waliokuwa wakisubiri mashauri yao, na ukutani kulikuwa na runinga kubwa. Picha ilipokuja tuliona paji la uso na jicho moja tu, maana shangazi alikuwa ameisogelea kamera kama anayechungulia chungu. Tukasikia sauti ya mtendaji wa kata ikimwambia, "Rudi nyuma kidogo, bibi." Akarudi. Alikuwa amevaa khanga mpya ya maua makubwa mekundu na kujitanda nyingine kichwani, na alikaa wima kabisa.

Mwenyekiti, ambaye kwa umri ni mdogo wake kwa mbali, alijisahau. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, uliza."

Watu wakacheka, hata wakili wa upande wa pili. Nikaona mabega ya shangazi yamelegea kidogo.

Akaulizwa anajuaje kwamba mikorosho ile ni yake. Hapo akawa kama amefunguliwa maji. Alianza na mkorosho ulio karibu na barabara, akashuka nao mmoja mmoja kuelekea bondeni. Huu niliupanda nikiwa na mimba ya kwanza. Huu ulitaka kufa, nikaumwagilia maji ya kuoshea vyombo. Huu ndio aliokuwa akipenda kukaa chini yake baba yenu, na hapo ndipo alipolala.

"Na mimi kila mche ninaoupanda nauwekea mawe matatu kwenye shina, usikanyagwe na mbuzi," akasema. "Nendeni mkatazame. Aliyeuza aliweka mawe mangapi?"

Simu yangu ikatikisika mfukoni. Nilijua mtikisiko ule, ni wa tahadhari za kazini. Nikaitoa kwa siri nikasoma. Njia fupi imekatika, kati ya Marui na Kisarawe.

Nikainua macho kwenye runinga nikitegemea kuona giza.

"...na wa mwisho kule bondeni una kovu la shoka," shangazi alikuwa akisema. "Kovu hilo namjua aliyelitia."

Hakuwa amekatika. Yale maua ya khanga yalivurugika kidogo, mekundu yakaingia katika meupe, yakarudi mahali pake kabla mtu hajapepesa jicho. Neno lake halikupungua hata herufi. Mwenyekiti aliendelea kuandika. Wazee wa baraza waliendelea kutikisa vichwa. Chumba kizima kilikuwa kikimsikiliza mwanamke anayesimulia mikorosho, na mimi peke yangu nilijua kwamba sauti ile haikuwa tena ikipita Kisarawe. Ilikuwa imegeuka. Ilikuwa imetoka ofisi ya kata, imekuta njia imekufa, imerudi nyuma, imekata mapori mpaka Morogoro, imepita chini ya milima ya Uluguru, imefuata lami, Chalinze, Mlandizi, imepita Kongowe chini ya miguu ya wauza matunda, imeingia Kibaha na kupanda ukutani pale. Na yote hayo ilikuwa ikiyafanya upya kwa kila neno.

Hakuna aliyeiamuru wakati ule. Mitambo yenyewe ilihisi giza upande mmoja ikageukia upande wenye mwanga, kama tulivyoifundisha siku nyingi kabla, sisi na kahawa yetu. Nimeyaona haya kwenye michoro mara nyingi, mstari mmoja unashuka na mwingine unapanda, nami napiga miayo. Lakini sikuwahi kuwa upande wa pili, nikimtazama usoni mtu anayebebwa. Nililia. Mama mmoja aliyeketi karibu yangu, simjui hata leo, alinipa pembe ya khanga yake nifute macho. "Pole, mwanangu," akaninong'oneza. "Hata mimi kesi yangu ni ya shamba."

Shauri lilipoahirishwa nilitoka nje nikampigia bosi. Mafundi walikuwa wameshaondoka, gari la pili lilikuwa likipakia vifaa. Nikapanda nalo.

Tulifika Marui jua likiwa bado kali. Waya ulikatikia karibu kabisa na shamba la shangazi. Katapila lilikuwa linachimba mtaro wa maji ya mvua kando ya barabara, limesimama na kijiko chake hewani, na dereva wake amekaa chini ya kivuli chake amenuna.

"Msiniangalie hivyo," akatuambia kabla hata hatujamsalimia. "Mimi nimefuata alama. Alama zenu ziko upande ule."

Alikuwa anasema kweli. Nguzo zetu fupi za zege, zinazowekwa juu ya waya ili mchimbaji ajue na ajihadhari, zote za eneo lile zilikuwa ng'ambo ya barabara. Zimesimama wima, zimenyooka, udongo umeshindiliwa vizuri. Waya wenyewe ulikuwa upande huu, upande wa mikorosho. Mafundi wakaanza kulaumiana kuhusu nani alizipanda. Mimi nikavuka barabara kuzitazama karibu, na nilipofika kwenye ile ya kwanza nikachuchumaa.

Kwenye shina la nguzo kulikuwa na mawe matatu. Na ya pili hivyohivyo. Na ya tatu.

Shangazi alikuwa kwake, bado na khanga yake ya barazani. Nikamwamkia, akaitikia kwa furaha ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi.

"Mlinisikia?"

"Tulikusikia, Shangazi. Ulisema vizuri sana." Nikakaa. "Zile nguzo za barabarani nani amezihamisha?"

"Mimi," akasema, kifua mbele. "Nilikwenda matangani kwa wiki nzima, narudi nakuta bikoni zimepigwa mstari kwenye shamba langu! Zimeandikwa Kizungu. Nikasema hawa ndio walewale, wamekuja na mawe ya mpaka. Nikachukua jembe. Goti lilikuwa bado zima wakati ule. Nikaanza alfajiri, moja moja, nikawapandia kule ng'ambo kwenye pori la serikali. Wakagombane na serikali."

Huku kwetu Pwani hakuna atakayemcheka. Watu wametoka msibani wakakuta shamba limekatwa viwanja na nyumba ya mtu imeanza msingi. Anayeona nguzo ya zege asiyoipanda mwenyewe na akalala usingizi, huyo ana walakini. Na sisi tulizipanda bila kugonga hodi kwa mtu, kwa maandishi ya lugha ambayo hapa haisomwi, halafu tukaondoka. Lakini ilibidi nimwambie.

"Shangazi, zile hazikuwa bikoni. Ni alama za waya uliobeba sauti yako leo. Katapila limeufuata uongo wa zile nguzo, limeukata waya wewe ukiwa katikati ya ushahidi."

Alinitazama. Furaha ikamtoka usoni taratibu. "Nimekata mimi?"

"Waya umekatwa kwa sababu nguzo zilihama."

"Na nilikuwa nasema?"

"Ulikuwa kwenye mkorosho wa mwisho. Ule wenye kovu."

Akakamata mkongojo wake akasimama, akataka kupelekwa. Tukaenda polepole mpaka barabarani. Fundi alikuwa amekaa ndani ya hema dogo la kukinga vumbi, anaunganisha nyuzi moja moja, na kila mbili zilipogusana kulikuwa na cheche ndogo sana kwenye mashine yake. Uzi mmoja alikuwa ameuwashia taa nyekundu ya kupimia, na ncha yake iling'aa kama jicho la panya. Shangazi akainama mpaka nikamshika kiuno asianguke.

"Nilipita humu?" akauliza.

"Humu ndimo ulimokatika. Baada ya hapo ulipita njia nyingine. Ulizunguka Morogoro."

"Morogoro?" Akanyanyuka. Aliitazama ile barabara upande wa Kisarawe, kisha upande wa pili, kunakoingia porini. "Mimi Morogoro sijafika tangu nizaliwe."

"Sauti yako imefika leo. Ikarudi Kibaha, na mle barazani hakuna mwingine aliyejua kwamba ilizunguka."

Akaendelea kuitazama ile njia ya porini. Nilidhani anafikiria Morogoro. Kumbe alikuwa ananichimba mimi. "Na kama njia hiyo isingekuwepo?"

Ningeweza kumpunguzia. Sikumpunguzia. "Wangeandika kwamba hukufika. Mara ya tatu."

Shangazi aligeuka akaitazama mikorosho yake mpaka kule bondeni. Sijawahi kumuona akilia wakati wa msiba wowote, ni mtu wa kupika na kuamrisha. Siku ile alilia kando ya katapila, mbele ya mafundi, na dereva aliyekuwa amenuna akaenda kumletea kigoda.

Kabla jua halijazama nguzo zilikuwa zimerudishwa upande wake. Alisimamia kazi hiyo mwenyewe, akiwakosoa mafundi jinsi wanavyoshindilia udongo.

Bosi alinisubiri kesho yake na ule mpango mezani. "Wiki inaisha, Mtani."

Sikuwa na hesabu mpya. Kuiacha njia ndefu kama ilivyokuwa kulikuwa kweli ni hasara, rangi nzimanzima zikiwaka bure porini. Nikamwambia tuache rangi moja. Tuipakie kama kapu la Marui, kwanza vitu visivyoweza kusubiri, kesi, zahanati, simu za dharura, na kingine chochote kitakachoenea kwenye pembe. Nyingine zote tuzime.

"Hii ni njia ya mtandao au ya shangazi yako?"

"Ya shangazi yangu."

Akacheka, akafuta mstari kwa kalamu, akaandika juu yake. Rangi ile moja inawaka mpaka leo.

Baadaye baraza lilikwenda Marui lenyewe. Walikuta mawe matatu kwenye kila shina, mengine yamemezwa nusu na mizizi, na kovu la shoka mahali alipolisema. Shamba likabaki kwake lote, mpaka bondeni, pamoja na kaburi.

Siku ya kusomwa hukumu ilikuwa tena kwa video. Mwenyekiti alimwamkia, shangazi akaitikia, kisha akainua mkono kumzuia asianze. Alinitafuta kwa macho kwenye kile kioo, asijue nimekaa upande gani wa chumba.

"Mwanangu," akaita, mbele ya baraza zima, "ile njia ya Morogoro ipo?"

Nikasimama. "Ipo, Shangazi."

"Haya," akamwambia mwenyekiti, "soma."